Adabu za kitemi zinarudi, banang'oma wako wapi?

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

HAKUNA mkazi wa Bariadi aliyepiga kura kumweka Mfalme Charles III madarakani, wala hakuna mkulima wa pamba wa Maswa au Meatu ambaye maisha yake huamuliwa katika kasri la Buckingham. Hata hivyo, habari za nani kaoa nani, nani kagombana na ndugu yake na nani kakiuka itifaki katika familia ya kifalme ya Uingereza zimekuwa zikifuatiliwa mkoani Simiyu kama zinavyofuatiliwa kwingineko nchini, kwanza kwa redio, baadaye kwa televisheni na sasa kwa simu za mkononi.

Orodha ya matukio hayo ni ndefu. Ipo ndoa ya Charles na Diana mwaka 1981, kifo cha Diana mjini Paris Agosti 31, 1997, ndoa ya William na Catherine Aprili 29, 2011, kujiondoa kwa Harry na mkewe Meghan katika majukumu ya kifalme mwaka 2020, mazishi ya Malkia Elizabeth II Septemba 19, 2022 na kutawazwa kwa Charles Mei 6, 2023.

Katika mazishi hayo ya mwaka 2022, picha za Rais Samia Suluhu Hassan na Rais William Ruto wa Kenya wakiwa ndani ya basi jijini London zilizua mjadala mkubwa Afrika Mashariki. Wapo walioona ni dharau kwa wakuu wa nchi. Wapo waliosema mgeni hufuata utaratibu wa mwenyeji. Wengine waliuliza kwa nini Rais wa Marekani wa wakati huo, Joe Biden, aliruhusiwa kwenda kwa gari lake. Swali lililokuwa nyuma ya maneno yote hayo lilikuwa moja, nalo ni la adabu: nani anaketi wapi, na kwa sababu gani.

Wapo wanaoiona hamu hii kuwa ni masalia ya ukoloni, na wapo wanaoiita umbea mtupu. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini maelezo hayo hayatoshi. Hamu ya kutaka kujua yanayotendeka ndani ya nyumba ya mtawala haikuletwa na televisheni, na kwa watu wa Usukumani ina mizizi iliyo ndani zaidi kuliko Buckingham.

Kisa cha Salme

Afrika Mashariki ilikuwa na kisa chake cha binti wa kifalme aliyevunja mwiko, zaidi ya miaka 150 kabla ya Harry na Meghan. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alipendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akatoroka Unguja mwaka 1866. Mwaka uliofuata alibatizwa na kufunga ndoa mjini Aden, akachukua jina la Emily.

Kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, zilifungua milango ya majumba ya baba yake mbele ya wasomaji wa Ulaya: malezi ya watoto, masuria, mavazi, vyakula na taratibu za kuamkiana. Aliporejea Unguja mwaka 1885, kaka yake, Sultani Barghash, hakukubali kumpokea. Alifariki dunia Ujerumani mwaka 1924.

Nchini Uganda, ambako falme zilifutwa mwaka 1967 na kurejeshwa mwaka 1993, harusi za kifalme ni mambo ya taifa. Ndoa ya Kabaka Ronald Mutebi II wa Buganda na Sylvia Nagginda, iliyofungwa Agosti 27, 1999 katika Kanisa Kuu la Namirembe, ilivuta umati mkubwa wa watu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa ndoa ya Kyabazinga wa Busoga, William Gabula Nadiope IV, na Jovia Mutesi, iliyofungwa Novemba 18, 2023 huko Bugembe, jirani na Jinja.

Katika harusi za namna hii watu hawaangalii gauni peke yake. Huuliza bibi harusi ni wa ukoo gani, nani alikwenda kumposa, na kama mila imefuatwa. Kwa Waganda swali la ukoo lina uzito wa pekee, kwa kuwa Kabaka, tofauti na raia wake, huhesabiwa katika ukoo wa mama yake.

Ikulu ni neno la huku

Tanzania haina mfalme, lakini makazi ya Rais wake huitwa Ikulu. Neno hilo halikutoka pwani wala ng'ambo. Limetoka katika lugha za Kisukuma na Kinyamwezi, likiwa na maana ya makazi ya mtemi.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, kwa kuzitoa Bariadi, Maswa na Meatu katika mkoa wa Shinyanga na eneo la Busega katika mkoa wa Mwanza. Ramani yake mpya, hata hivyo, imejaa majina ya kale. Ntuzu, Itilima, Kanadi, Dutwa, Mwagala na Nung'hu zilikuwa tawala za kitemi, miongoni mwa tawala zinazokaribia 50 zilizokuwa Usukumani. Itilima sasa ni wilaya, na mengine yamebaki kuwa majina ya tarafa na kata. Mwananchi anayejaza fomu ya serikali leo huandika jina la utemi bila kujua.

Wasukuma hawakuwa na mfalme mmoja. Kila utemi ulikuwa na mtemi wake, ngoma zake na miiko yake. Hans Cory, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeitumikia serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1951 kitabu kizima kuhusu ibada na taratibu za mtemi wa Kisukuma. Sehemu kubwa ya yaliyohifadhiwa kwa maandishi juu ya adabu za ikulu za jadi inatokana na kazi za aina hiyo, pamoja na vifaa vilivyokusanywa katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, ambako ngoma za watemi zimewekwa katika jengo lenye umbo la kiti cha enzi.

Mpwa, si mtoto

Jambo la kwanza linalomshangaza kijana wa leo ni urithi. Katika tawala nyingi za Usukumani, mrithi wa mtemi hakuwa mtoto wa kumzaa bali mpwa, yaani mtoto wa dada yake. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka: mtoto wa mke wa mtemi huenda akatiliwa shaka, lakini mtoto wa dada wa mtemi hana budi kuwa na damu ya utemi.

Kutokana na kanuni hiyo, ndoa na uzazi wa mabinti wa ukoo wa utemi havikuwa mambo ya faragha. Nani kamwoa dada wa mtemi, na kazaa watoto wangapi wa kiume, yalikuwa maswali ya kisiasa. Mke mkuu wa utemi, aliyeitwa ngole, naye alikuwa na nafasi yake katika ibada. Aliyefuatilia habari za nyumba hiyo hakuwa mmbea. Alikuwa akitaka kujua nani atamtawala kesho.

Jambo la pili ni uchaguzi. Mpwa hakurithi kwa sababu tu alizaliwa wa kwanza. Walikuwapo banang'oma, wana wa ngoma, baraza la wazee wa utemi, ambao walimchagua mrithi miongoni mwa waliostahili, wakamsimika na kumfundisha miiko. Wao ndio waliokuwa walinzi wa itifaki, na itifaki hiyo ilimfunga mtemi kabla ya kumfunga raia.

Heshima yenye masharti

Raia walimwamkia mtemi kwa kupiga magoti na kupiga makofi. Walilima shamba lake na kumpelekea sehemu ya mavuno. Hayo ndiyo yanayokumbukwa zaidi, na ndiyo yanayoigizwa katika matamasha ya utamaduni.

Yanayosahaulika ni upande wa pili wa mzani. Nafaka iliyojaa ghala la mtemi ilitarajiwa kuwarudia watu mwaka wa njaa. Mwili na mwenendo wa mtemi viliaminiwa kuwa na uhusiano na mvua na rutuba ya ardhi, ndiyo maana alizungukwa na makatazo mengi. Mvua ikikosekana kwa muda mrefu, mtemi aliweza kuondolewa, na mwingine kusimikwa badala yake.

Kwa eneo kama Simiyu, ambalo ukame si mgeni na ambalo pamba, mtama na mifugo hutegemea mawingu, hukumu hiyo haikuwa ndogo. Mtu wa leo ana haki ya kusema kwamba haikuwa haki kumwadhibu binadamu kwa ukame. Lakini kanuni iliyokuwa ndani ya imani hiyo inaeleweka hata kwa asiyeamini: mtawala anayeheshimiwa ni lazima awajibike kwa hali ya watu wake, na kupigiwa magoti hakumpi hati ya kudumu.

Lugha ya mitaani imebeba usahaulifu huo. Katika Kiswahili cha vijana wa mijini, kumwita mtu mtemi ni kusema kwamba ni mbabe, asiyeambilika. Katika Kisukuma, wataalamu hulihusisha neno ntemi na kitendo cha kukata, ama kukata pori ili watu wapate kukaa, ama kukata shauri. Aliyekata shauri alikuwa na wazee pembeni yake. Mbabe wa mtaani hana.

Mkoloni alivyoikata breki

Kupotea kwa mzani huo hakukuanza na uhuru. Waingereza walipoanzisha utawala kupitia machifu, kwa sheria ya mwaka 1926, mtemi aligeuka kuwa mtumishi mwenye mshahara, mkusanya kodi na msimamizi wa amri za kilimo. Aliyeweza kumwondoa sasa alikuwa ofisa wa kikoloni.

Banang'oma walibaki na ibada, lakini uzito wao ulipungua. Urithi nao ulibadilika polepole, kutoka kwa mpwa kwenda kwa mtoto wa kumzaa, jambo lililoeleweka kwa urahisi zaidi kwa watawala waliotoka katika nchi ambayo taji hupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Magoti yaliendelea kupigwa na makofi yaliendelea kulia. Kilichoondoka ni ile nguvu ya walio chini kumwambia aliye juu kwamba amekosea.

Si ajabu basi kwamba wakati wa kudai uhuru watu wengi waliwaona baadhi ya machifu kuwa upande wa serikali ya kikoloni. Machifu walipofutwa kisheria mwaka 1963, upinzani haukuwa wa kutikisa nchi.

Aliyesimamia uamuzi huo hakuwa mgeni wa mambo ya kitemi. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, na baada ya Burito kufariki mwaka 1942 kiti kilikwenda kwa ndugu yake, Wanzagi. Alizijua adabu za nyumba hizo kutoka ndani, na aliamua kwamba jamhuri ya watu walio sawa haiwezi kuwa na ikulu mbili.

Mtemi wa Sungusungu

Hata hivyo, cheo hakikufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipowashinda polisi, wananchi wa Shinyanga na Tabora waliunda vikundi vya ulinzi vya Sungusungu, vilivyoenea haraka Usukumani kote, zikiwamo Bariadi, Maswa na Meatu. Kiongozi wa kikundi aliitwa ntemi. Serikali ilivitambua vikundi hivyo kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 1989.

Mfano huo unafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba watu wa eneo hili, walipopata shida, walichukua jina la uongozi walilolijua na kuliamini. Ntemi huyu hakutoka katika ukoo wa utemi, alichaguliwa na wanakijiji wenzake. La pili ni kwamba pale vikundi hivyo vilipokosa wa kuvidhibiti, vililalamikiwa kwa kupiga watu, kutoza faini kubwa na kuwatenga majirani, wakiwamo wanawake wazee waliotuhumiwa kwa uchawi. Jina la zamani halikutosha kuwa kinga.

Kutoka Hangaya hadi leo

Septemba 8, 2021, katika tamasha la utamaduni lililofanyika Kisesa, wilayani Magu, Rais Samia alisimikwa na machifu na kupewa jina la Chifu Hangaya, lenye maana ya nyota inayong'aa. Januari 2022 alikutana tena na machifu katika tamasha la utamaduni mjini Moshi. Tangu hapo machifu wameonekana zaidi katika shughuli za kitaifa, wakiwa na ngozi, mikuki, vigoda na mavazi ya jadi.

Tukio la Kisesa lilizua mjadala. Waliolipongeza waliona utamaduni uliodharauliwa kwa muda mrefu ukipewa heshima yake. Waliolikosoa waliuliza kama kiongozi wa jamhuri anaweza kuwa chifu, na kama cheo cha utemi kinaweza kutolewa kwa heshima tu. Viongozi wa kisiasa kuvishwa vazi la jadi na kupewa mkuki jukwaani si jambo jipya nchini, wala halihusu chama kimoja.

Hoja ya waliopongeza haipaswi kupuuzwa. Machifu wanaweza kusaidia kutunza misitu ya matambiko na vyanzo vya maji, kusuluhisha migogoro ya wakulima na wafugaji, na kuhifadhi historia ambayo haimo katika vitabu vya shule. Wazee waliozishuhudia ikulu za Ntuzu au Kanadi kabla ya mwaka 1963 wanazidi kupungua, na kila mmoja anayeondoka anakwenda na maktaba yake.

Tatizo ni kile kinachochaguliwa kurudishwa. Kigoda kinarudi, ngozi inarudi, goti linarudi. Baraza lililokuwa na uwezo wa kumhoji mwenye kigoda halitajwi sana. Matokeo yake ni nusu ya adabu: ile inayomtaka raia ainame, bila ile inayomtaka mtawala ajizuie.

Hatari yake haiko jukwaani tu. Katika kaya nyingi za Kisukuma, salamu ya binti kupiga goti mbele ya mkubwa bado ni alama ya malezi mema, na wengi wanaipenda. Lakini goti linalopigwa kwa mtu asiyewajibika kwa lolote, awe chifu, mwanasiasa au baba wa familia, si lile lililopigwa mbele ya mtemi aliyeweza kuondolewa mvua ikikosekana.

Uganda waliandika

Jirani zetu wa Uganda, waliporudisha falme, hawakuacha jambo hili lijiendee. Katiba yao ya mwaka 1995 inamkataza kiongozi wa jadi kushiriki siasa za vyama, na inasema raia hatalazimishwa kumtii wala kuchangia gharama za kumtunza. Mwaka 2011 ilitungwa pia sheria mahususi ya viongozi wa jadi.

Kanuni hizo hazijamaliza mivutano kati ya serikali na falme, na Buganda ni shahidi. Lakini Mganda anayeshangilia harusi ya mfalme wake anaweza kufungua Katiba na kusoma mipaka ya mfalme huyo. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 haiwapi machifu mamlaka yoyote ya utawala, na inatamka kwamba binadamu wote ni sawa. Nafasi yao katika shughuli za umma imekua kwa desturi na kwa mialiko, si kwa kanuni iliyoandikwa.

Kwa maana hiyo, mkazi wa Bariadi anayefuatilia ugomvi wa William na Harry hana sababu ya kuona haya. Anafanya walilofanya babu zake walipotaka kujua hali ya nyumba ya mtemi. Tofauti ni kwamba wao, kupitia banang'oma, walikuwa na la kufanya baada ya kujua. Yeye, kwa habari za London, hana zaidi ya kutikisa kichwa.

Kwa habari za hapa nyumbani ni tofauti. Chifu mwingine atakaposimikwa Ntuzu, Itilima au Mwagala, watu watatazama vazi lake, watauliza kaoa wapi na ameketi karibu na nani. Ni maswali halali. Yapo mengine yanayostahili kuulizwa siku hiyohiyo kabla ngoma hazijanyamaza: nani walimchagua, ni kwa miiko ipi, na ni nani mwenye mamlaka ya kumvua kigoda akiikiuka?